Kadi Yenye Jina Langu

Mwezi uliopita alifariki jirani yetu hapa Riyadh, na wanawake waliokuwa wakitayarisha maji ya kumkoshea waliniagiza nikanunue karafuu maiti. Nilikwenda soko la Dirah kwa muuza dawa za asili, mzee wa Kiyemeni, akafungua kopo la bati na kulisogeza karibu na pua yangu ili nihakikishe kwamba ndiyo yenyewe. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili, na misiba nimeiona. Lakini siku zote nimekuta karafuu maiti imeshasagwa na kutiwa kwenye maji, haina makali. Ile ya koponi ilinipiga usoni, nikashika meza ya yule mzee. Alifikiri ni huzuni ya msiba, akaniombea subira. Haikuwa huzuni. Ilikuwa hofu ile ile niliyokuwa nayo nikiwa mtoto wa miaka minane, nyumbani kwa bibi yangu Jeddah, wiki ile niliyoamini kwamba ninatayarishwa kufa.

Nyinyi wa rika langu mliozaliwa huku na wazee waliotoka Unguja mnajua jinsi tulivyolelewa. Kulikuwa na neno "kule" na kulikuwa na maneno "siku zile," na hapo mazungumzo yalikatika. Baba akisema "kule," Mama aliinuka kwenda kutizama chungu hata kama hakuna kitu motoni. Nilijua kwamba Baba aliletwa huku akiwa mdogo, mgongoni kwa mama yake. Nilijua kwamba babu yangu Hamed hakuletwa. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na sikuuliza, kwa sababu mtoto huhisi mlango uliofungwa hata kama hajaugusa.

Tulikaa Riyadh kwa sababu ya kazi ya Baba, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari katika duka la kafili wake, Msaudi aliyemdhamini. Bibi alikuwa Jeddah, mtaa wa Mahjar, katika nyumba ya ghorofa mbili iliyojaa watu wa kwetu. Tulikuwa tukienda kwake Idi na kurudi. Mwaka ule likizo ya skuli ilipokaribia nilimsikia Baba akimwambia Mama jikoni, "Bibi yake anamtaka Zuwena. Anasema nimpeleke kabla hajatimiza miaka tisa."

"Kwa nini kabla?" Mama aliuliza.

"Kwa ajili ya yale mambo ya Bi Rukia. Amekubali sasa."

 Nilipoingia Mama alinivuta na kunibusu juu ya kichwa, jambo ambalo hakuwa akilifanya mchana na mikono yake ina vitunguu.

Nilikuwa bado mwezi mmoja na nusu nitimize miaka tisa.

Tuliondoka alfajiri kwa gari la Baba, tukavuka jangwa lote lile, na mchana tukateremka mlima wa Taif huku masikio yangu yakiziba na kuzibuka. Jeddah ilitupokea kwa joto lake la maji, lile linaloifanya nguo ishike mgongo kabla hujafunga mlango wa gari. Katika vichochoro vya Mahjar viyoyozi vilikuwa vikidondosha maji juu ya vichwa vya wapita njia. Bibi alikuwa amesimama juu ya ngazi. Kwa kawaida alikuwa akinikumbatia kwanza na kuniuliza maswali baadaye. Safari hii alinisimamisha mbele yake, akaweka kidole gumba begani kwangu, akafungua kiganja, na kuhesabu shibiri mpaka kwenye kifundo cha mkono. Kisha akapima mgongo.

"Bado wiki ngapi?" alimuuliza Baba.

"Sita."

"Basi itamkaa," alisema Bibi, na ndipo aliponikumbatia. 

Baba alilala siku moja, akarudi Riyadh kazini. Alisema atanifuata Ijumaa ya wiki ya pili. Nilitaka kumuuliza ni nini kitakachonikaa, lakini gari lilikuwa limeshawashwa na yeye alikuwa akizungumza na Bibi kwa sauti ya chini, akitikisa kichwa, kama mtu anayekubali jambo asilolipenda.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, Bibi alinivisha gauni safi akanipeleka kwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa fundi wa kushona nguo za harusi, mjane, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikaa vichochoro viwili kutoka kwa Bibi. Chumba chake cha chini, ambacho zamani kilikuwa na vyarahani, watu walikiita makumbusho. Neno hilo nililijua. Baba alikuwa amenipeleka kwenye makumbusho ya ngome ya kale pale Dirah, nikaona panga, na mabunduki, na mlango uliochomwa mkuki. Kwa hiyo nilikwenda nikiwa na furaha, nikitarajia panga.

Hapakuwa na panga. Palikuwa na meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe, na juu ya vitambaa vitu vidogo vidogo ambavyo kwetu vingetupwa. Miwani yenye kioo kimoja. Ndara ya mguu wa kushoto. Chanuo. Kifuniko cha dele la kahawa bila dele lake. Bangili ya mtoto mchanga, nyembamba kama pete. Mbele ya kila kitu palikuwa na kadi, na ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, yalikuwa yamebandikwa majina yaliyoandikwa kwa wino, kwa herufi za Kiarabu. Watu walioingia walivua viatu kama msikitini. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa chini mbele ya ile ndara, na alipotuona hakuitikia salamu.

Sasa najua kilikuwa chumba gani. Siku zile, yalipotokea mapinduzi kule Unguja, watu wengi waliuawa majumbani mwao na mashambani kwa sababu ya asili yao, wakubwa kwa watoto, na wengi hawakuzikwa na jamaa zao. Bi Rukia alipoteza ndugu zake wote. Alipozeeka aliogopa kwamba akifa yeye hakutakuwa na mtu atakayejua kwamba waliwahi kuishi, akaanza kuzunguka nyumba za watu wa kwetu, Jeddah na Makka, akiomba jina na kitu kimoja. Jina na kitu kimoja tu. Na alikuwa na sharti lake: humo ndani hakuna kutukana kabila la mtu. "Hapa tunakumbuka watu wetu," alikuwa akisema. "Anayetaka kulaani, baraza iko nje."

Lakini hayo sikuyajua. Mimi nilijua kusoma. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa kusoma, na nilipoona herufi za Kiarabu zilizobeba maneno ya Kiswahili nilifurahi kama mtu aliyegundua siri. Nikaanza kufuata ukuta, nikisoma kwa sauti. Said Khalfan, miaka arubaini. Mkewe Salma, na mimba yake. Nassor, Khalfan na Muhammed, ndugu watatu. Bibi alinyamaza, Bi Rukia alinyamaza, na mimi nikadhani wananisifu kimoyomoyo. Nilifika penye dirisha.

Zuwena Hamed. Miaka tisa.

Nilisoma kwa sauti kabla sijaelewa nimesoma nini. Skuli Riyadh walikuwa wakiniandika kwa jina la babu, kama jina la ukoo. Juu ya madaftari yangu yote yalikuwa maneno hayo hayo mawili, kwa herufi hizo hizo: Zuwena Hamed. Chini ya jina lile, mezani, palikuwa na kadi imeshasimamishwa, imeandikwa vizuri, na mbele ya kadi hapakuwa na kitu. Kitambaa cheupe kitupu tu, kilichopigwa pasi.

Bi Rukia alisogea akasimama nyuma yangu. "Pahala pake pako tupu mpaka leo, Bi Zayana," alimwambia Bibi. "Wote nimewapata, amebaki yeye."

"Nipe wiki moja, shoga," alisema Bibi. "Nimtizame kwanza. Kisha nitakuletea mwenyewe kwa mkono wangu."

"Nitamuweka vizuri. Kama mwanangu."

Mkono wa Bibi ulikuwa umeushika wangu, na ulikuwa wa baridi katika joto lile.

Sikulia. Watu hudhani mtoto akiogopa hulia. Mimi nilikauka. Nilitembea mpaka nyumbani nikihesabu hatua, nikanawa miguu, nikala wali nilioletewa, na usiku nililala nimegeukia mlango. Yote niliyoyasikia yalikuwa yamekaa pamoja sasa na kutengeneza maana moja. Kabla hajatimiza miaka tisa. Bado wiki sita. Itamkaa. Amebaki yeye. Wale wa ukutani walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, kila mmoja kwa umri wake, na kadi yangu ilikuwa tayari, na Bibi ameomba wiki moja anitizame. Na alikuwa akinitizama kweli. Nikiinua kichwa kwenye sahani namkuta macho yake yako juu yangu. Nikichana nywele yuko mlangoni.

Siku ya pili nilijipa moyo nikamuuliza. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Bibi, mtu akishawekwa kule kwa Bi Rukia, hutoka?"

Alisimamisha vidole vyake. "Hatoki, mwanangu. Ndiyo maana yake. Awekwe pahala pamoja asipotee tena."

"Hata jamaa zake wakimtaka?"

"Jamaa zake ndio wanaompeleka."

Nilikwenda chooni nikafunga kitasa na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka miguu ikafa ganzi.

Nilianza kufanya hila zangu. Nilichukua kifutio nikafuta jina juu ya daftari la mazoezi ya likizo mpaka karatasi ikatoboka. Mgeni akija akiniuliza umri nilisema saba, na Bibi alinikatiza, "Minane, karibu tisa," kwa sauti nzito. Kisha nikakumbuka lile neno: itamkaa. Kama kuna kitu lazima kinikae, basi nikinenepa hakitanikaa. Nikala. Nilikula mkate wa kumimina asubuhi vipande vinne, nikala mchana mpaka tumbo likauma, nikaomba tena. Bibi alifurahi, akampigia Mama simu kumwambia kwamba hewa ya bahari imenipa hamu ya chakula. Nilimsikia akicheka, na mimi mdomo umejaa wali nisioweza kuumeza. Siku ya nne nilitapika vyote kwenye mkeka. Bibi alisafisha mwenyewe, akanifuta uso kwa maji ya waridi, na alikuwa mpole hivi kwamba nilizidi kuogopa. Niliona ni upole wa mtu anayejua.

Simu ilikuwa chumbani kwake, imefungwa kufuli dogo ili watoto wa nyumba wasiichezee. Nilijua namba ya duka la Baba kwa moyo. Nilikuwa nikisimama mbele ya ile simu na kuitamka namba kimyakimya, yote, mwanzo mpaka mwisho, kisha natoka.

Siku moja kabla Baba hajaja, Bibi aliniita chumbani. Ilikuwa karibu na adhuhuri, watu wengine wa nyumba wako kazini na sokoni. Alikuwa amelivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Alipofungua, harufu ilitoka kali na baridi, ikanichoma ndani ya pua, harufu ambayo sikuwahi kuinusa.

"Hiyo nini, Bibi?"

"Karafuu maiti. Inazuia wadudu."

Karafuu nilizijua. Maiti nilijua ni nini. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Alitoa vipande vyeupe kama sabuni vilivyofungwa kwenye kitambaa, akavitia kando, kisha akatoa gauni. Lilikuwa jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya zamani, lina maua madogo ya manjano, mikono ya mapuli iliyotuna mabegani, na mkanda wa kufunga nyuma. Kwenye mikunjo lilikuwa na mistari iliyokolea, maana halikuwa limekunjuliwa miaka mingi.

"Vaa nikuone," alisema. "Mara moja tu. Kisha halas, sikusumbui tena."

Ningekataa vipi? Nilikuwa mtoto niliyefundishwa kutii. Nilivua langu nikavaa lile. Lilikuwa na baridi. Bibi alinifunga mkanda nyuma, vidole vyake vikikosea mara mbili, akanigeuza, akarudi nyuma akakaa kitandani. Lilinikaa. Wali wote ule, na lilinikaa kama nililopimiwa.

Bibi alinitizama kwa muda mrefu. Kisha uso wake ukalegea, macho yakaniacha ingawa bado yalikuwa juu yangu, na akazungumza kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya mwanamke kijana.

"Zuwena," alisema. "Mbona umechelewa hivi, mwanangu?"

Nilikimbia.

Nilishuka ngazi bila viatu, nikafungua mlango wa chuma kwa mikono miwili, nikatoka kwenye kichochoro. Ilikuwa saa ya adhuhuri. Adhana ilikuwa imekwisha, maduka yanashusha milango yake, moja baada ya moja, na kila mlango ulioshuka niliuona umeshushwa ili mimi nisiingie. Lami ilinichoma nyayo. Nilifika barabara kubwa, nikavuka bila kutizama, nikajibanza katikati ya magari mawili yaliyoegeshwa mbele ya duka la mikate.  Nilijaribu kufungua ule mkanda wa nyuma nisiweze kuufikia.

Hapo ndipo nilipomsikia. Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumuona akivuka hata kizingiti bila baibui, alikuwa ametokeza kwenye mdomo wa kichochoro na kanga moja kiunoni, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimesimama, miguu mitupu. Goti lake bovu lilikuwa likimvuta upande. Alikuwa akiniita.

"Zuwena, acha. Usende. Achana na chupa, mwanangu. Achana na chupa, rudi."

Sikuwa na chupa yoyote. Nilichungulia juu ya gari. Alikuwa akitizama huku na huku barabarani na hanioni, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nilikuwa nacho mimi wiki nzima, na mara moja nikakitambua. Bibi alikuwa akiogopa. Kuliko mimi. Alikuwa akiogopa kama mtoto, na hakuwa na mtu wa kumshika.

Akaingia barabarani. Gari la mizigo lilikuwa likija. Lilipiga breki, matairi yakalia, likasimama hatua mbili kutoka kwake, na Bibi akaanguka juu ya lile goti. Dereva alishuka akiwa mweupe uso, akisema kwa Kiarabu, "Samahani, hajja, samahani," ingawa kosa halikuwa lake.

Nilitoka nilikojificha. Sikufikiri. Nilirudi barabarani nikamshika mkono Bibi nikamwambia, "Niko hapa." Alinishika mabega kwa nguvu mpaka nikaumia. Dereva alivua kilemba chake akamfunika kichwa, akatusindikiza mpaka mlangoni kwetu akiwa amegeuzia uso pembeni kwa heshima.

Ndani nilimkosha goti kwa maji na dawa. Lile gauni lilikuwa bado mwilini mwangu, limepata doa la damu yake pindoni. Alipopata pumzi aliniuliza, "Ulikuwa ukikimbia nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kadi, na shibiri, na wiki sita, na wali. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kufunika mdomo kwa kiganja.

"Umekuwa ukilala humu nyumbani mwangu na hayo yote?" alisema. "Siku saba?"

"Sitaki kuwekwa kule, Bibi."

"Jina lile si lako, mwanangu. Ni la mwanangu wa kwanza. Dada yake baba yako. Wewe ulipozaliwa nilimuomba baba yako akupe, kwa sababu nilikuwa nataka kuliita tena." Alishika pindo la gauni. "Na hili lilishonwa kwa Idi yake. Fundi alilileta yeye keshaondoka, hakuwa na habari. Halikuvaliwa na mtu mpaka leo. Bi Rukia kaniomba miaka, nikikataa. Nikasema, wewe ukikaribia umri wake nilione mara moja linavyokaa, kisha nilitoe."

Nilimuuliza alikufa vipi. Sikutegemea kujibiwa, lakini alijibu, akitizama goti lake.

Siku ile babu yangu alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Jirani yao, mtu wa bara, fundi seremala, alimficha Bibi na watoto wake wawili kwenye banda lake la kuni nyuma ya nyumba, akaweka mbao mlangoni. Baba yangu alikuwa mchanga wa miezi mitano. Maziwa ya Bibi yalikatika kwa hofu, mtoto akaanza kulia kwa njaa, na kila akilia walisikia nyayo zinasimama nje. Chupa ya mtoto ilikuwa imebaki dirishani jikoni kwao, hatua hamsini kutoka pale.

"Akaenda kuifuata," alisema Bibi.

"Nani alimtuma?"

Mtoto huuliza tu. Sikujua nimeuliza nini. Bibi alisikiliza maji ya kiyoyozi yakidondoka nje.

"Mimi," alisema. "Nilimwambia, wewe mdogo hutaonekana, nenda mbio urudi. Watu wote wanajua alichoropoka mwenyewe. Ndivyo nilivyosema, ndivyo baba yako anavyojua." Akanishika kidevu. "Na wewe usimwambie."

Basi hofu yangu haikwisha, ilibadilika tu. Baba alifika Ijumaa, akanirusha juu na kuniuliza kama nimemsumbua bibi yangu, na mimi sikuweza kumtizama usoni. Chupa ile ilikuwa yake. Nilihisi kwamba nikifungua mdomo hata kuomba maji, neno litatoka lenyewe.

Alasiri tulikwenda kwa Bi Rukia sote watatu. Bibi alikuwa akichechemea, amelibeba gauni mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Hakuliosha lile doa. Bi Rukia alilipokea, akalitandaza juu ya kile kitambaa kitupu, akanyoosha mikono yake ya mapuli kwa ncha za vidole. Nilisimama nyuma ya Baba nikimshika kanzu. Ijapokuwa nilijua, niliogopa kulitizama lile jina.

"Kila mwenye kitu chake huniambia neno moja la kuandika," alisema Bi Rukia, akichukua kalamu. "Niandike nini, Bi Zayana? Kwamba lilikuwa gauni lake la Idi?"

"Andika hivyo."

Akaandika. Alipotaka kufunga kalamu, Bibi alisema, "Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Andika, alitumwa na mama yake."

Bi Rukia aliinua uso.  Aliandika pole pole, na katika chumba kile nilisikia kalamu ikikwaruza karatasi. Baba aliinama akasoma. Baba yangu hakuwa mwepesi wa kusoma herufi zile, alikuwa akizifuata kwa kidole, na nilikiona kidole chake kikifika mwisho wa mstari na kubaki pale pale.

"Ulimtuma nini, mama?" aliuliza.

Bibi alinitizama kwanza mimi, kisha yeye. "Chupa yako ya maziwa, Salim. Ulikuwa ukilia."

 Baba alivua kofia yake, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Kisha akakaa chini sakafuni kama yule mwanamke wa siku ile, mtu mzima yule, mwenye mabega yake, mbele ya gauni la mtoto. Bibi alisubiri amesimama juu ya lile goti bovu. Uso wake ulikuwa kama ulivyokuwa barabarani. Nilidhani Baba atamkemea, na nadhani Bibi naye alidhani hivyo, kwa sababu alipoona mkono wa Baba unainuka alifumba macho. Baba alikuwa akitafuta mkono wa mama yake tu. Aliupata, akauweka kwenye shavu lake, na wakabaki hivyo mpaka Bi Rukia akatoka nje kutuachia chumba.

Tulirudi Riyadh kesho yake. Ningependa kusema kwamba niliacha kuogopa, lakini akili ya mtoto haifungwi kwa maelezo. Nilitimiza miaka tisa na mwaka mzima nilitembea nikiutazamia mwisho wake. Nikipata homa nilijua ndiyo. Gari likichelewa kusimama nilijua ndiyo. Sikumwambia mtu, na kwetu siku ya kuzaliwa haikuwa jambo la kuadhimishwa, kwa hiyo nilipotimiza kumi nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa nikihesabu.

Siku ile, kabla sijaenda skuli, simu ililia. Mama aliipokea, akanishikisha. Ilikuwa Jeddah.

"Una miaka mingapi leo?" aliuliza Bibi. Hakusalimia.

"Kumi."

 Nilisikia akivuta pumzi, akaiachia, akavuta nyingine.

"Haya," alisema. "Kavae, usichelewe skuli."